Kinga Isiyokinga: Istilahi za Vifaa vya Wanyanyuaji Vyuma

Pamoja na mchezo wa kunyanyua vyuma vimetufikia vifaa ambavyo mnyanyuaji huvaa magotini, kiunoni na mikononi. Aghalabu huja na maelezo ya lugha za kigeni, na mwalimu wa michezo, karani wa ununuzi au mfasiri ndiye anayetakiwa kuyaeleza kwa Kiswahili. Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno ambayo mtu huyo huyafikia kwa wepesi, na kuonyesha kwamba baadhi yake, ingawa ni Kiswahili fasaha, humpotosha msomaji kuhusu kazi ya kifaa chenyewe.

Yafaa tuanze na dhana, kwani istilahi haiundwi kabla dhana haijaeleweka. Goti la mnyanyuaji huweza kuvikwa vitu vya namna tatu. Cha kwanza ni mfuko ulio wazi ncha zote mbili, ulioshonwa kwa neoprini, yaani mpira wa kutengenezwa ambao hutumika pia katika mavazi ya wapiga mbizi. Huvutwa mguuni hadi ukalikaza goti. Kazi yake ni kulitia goti joto, kulibana kiasi, na kumsaidia mvaaji ahisi vyema zaidi jinsi goti linavyokunjika. Cha pili ni ukanda mrefu wa kitambaa kinachovutika, ambao huzungushwa gotini kwa nguvu kabla tu ya kunyanyua. Mtu anapochuchumaa, ukanda huvutika na kuhifadhi nguvu. Anapoinuka, humrudishia nguvu hiyo na kumsukuma juu. Cha tatu ni kifaa cha tiba chenye vyuma au plastiki ngumu ubavuni, ambacho huvaliwa na mtu aliyeumia kano za goti ili goti lisiyumbe.

Sasa tuyatazame maneno. La kwanza ni kinga, na mfasiri huandika "kinga ya goti" kwa vyote vitatu bila wasiwasi. Ubaya wa neno hili ni nguvu yake. Katika Kiswahili, kinga ni jambo zito: chanjo ni kinga, na sote tumefunzwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Anayesoma kwamba amevaa kinga ana haki ya kuamini kuwa madhara yamezuiwa. Lakini mfuko wa neoprini hauna uwezo wa kuushika uzito unaoliangukia goti, wala hauzuii kano kuchanika mtu anapochuchumaa vibaya. Kijana ambaye goti lake linauma, akisoma neno hilo kwenye mwongozo, huenda akaongeza vyuma siku ambayo alipaswa kuvipunguza. Hapo kosa la mfasiri halikuishia katika karatasi.

La pili ni bendeji. Mtu akiutazama ule ukanda mrefu ataona unafanana na bendeji, na kwa umbo hakukosea. Hata hivyo, bendeji hufungwa penye jeraha au mteguko, na hudokeza tiba. Ukanda wa mnyanyuaji hautibu. Humwongezea nguvu mtu aliye mzima. Isitoshe, karani akiandika katika zabuni kwamba chuo kinahitaji bendeji 50 za magoti, asishangae kuletewa bidhaa za zahanati.

La tatu ni soksi ya goti. Hili lina sifa ya kueleweka upesi, na linauchora mfuko wa neoprini vizuri. Dosari yake ni kwamba mcheza mpira naye huvaa soksi zinazofika magotini, na duka moja huweza kuuza zote mbili. La nne ni sapoti, neno lililotoholewa na ambalo wengi wanalielewa. Lakini hulitaja kusudio tu, na kila kifaa tulichokitaja hudai kusudio hilo. Ama anayefuata lugha ya asili neno kwa neno na kuandika "mkono wa goti", kwa kuwa Kiingereza hutumia neno la mkono wa shati, huyo amemzawadia mwanadamu kiungo kipya.

Huenda msomaji akasema kwamba tunagawanya unywele, kwa kuwa vyote ni vitu vya goti. Kanuni za mchezo hazikubaliani naye. Shirikisho la kimataifa la unyanyuaji wa nguvu, lijulikanalo kwa herufi IPF na lililoundwa mwaka 1972, hupambanua mashindano ya aina mbili. Katika yale ya vifaa vichache, ambayo yamekuwa na ubingwa wa dunia wa pekee tangu 2013, mfuko wa neoprini unaruhusiwa, usizidi urefu wa sentimita 30 wala unene wa milimita 7. Ukanda wa kuzungusha gotini hauruhusiwi. Katika yale ya vifaa kamili ukanda huo unaruhusiwa, usizidi mita 2 kwa urefu na sentimita 8 kwa upana. Mfasiri akiviita vyote "kinga", kanuni yake itaruhusu na kukataza kitu kile kile, na mchezaji atavuliwa ukanda wake mbele ya waamuzi ilhali ameusoma mwongozo wake barabara.

Kiswahili hakikukosa njia ya kutoka hapa. Tunayo kanuni iliyokwisha kuzaa kipaza sauti, kipima joto na kizima moto: kitenzi kinachotaja kazi, na nomino inayotaja kinachotendewa. Kwa kanuni hiyo tunapendekeza kibana goti kwa mfuko wa neoprini, kwani kubana ndiko hasa ukifanyako. Na kizonga goti kwa ukanda wa kuzungusha. Wingi wake ni vibana goti na vizonga goti. Kwa kifaa cha tiba hatuna haja ya kubuni, maana neno gango lipo, nalo ni kipande kinachofungwa ili kuunga au kushikilia kilichovunjika. Gango la goti litatosha.

Kifaa cha kiunoni kiitwe mkanda wa mnyanyuaji. Asitokee wa kukiita "kinga ya mgongo", kwa sababu mkanda huo haubebi mgongo. Mnyanyuaji huvuta pumzi na kuusukuma mkanda kwa misuli ya tumbo. Shinikizo la ndani ya tumbo huongezeka, na kiwiliwili hukakamaa. Asiyejua kuitumia misuli hiyo hafaidiki sana na mkanda.

Kwa mkono tahadhari nyingine inahitajika. Wako wanaotumia kiwiko kwa maana ya mahali kiganja kinapoungana na mkono, na wako wanaokitumia kwa maana ya kisugudi. Kwa kuwa viungo hivyo viwili huvalishwa vifaa tofauti, mfasiri aandike kizonga kifundo cha mkono na kibana kisugudi, aliache neno kiwiko pembeni.

Tunatambua kwamba kinga ya goti ni tamko tamu, na kwamba wauzaji watalipenda kuliko kibana goti. Hiyo si hoja ya kulisanifisha. Muuzaji anayo hiari ya kuisifu bidhaa yake. Mwongozo wa shule, kanuni ya mashindano na hati ya serikali havina hiari hiyo. Tunawaomba walimu wa michezo na wafasiri wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuandikie pale watakapoona hayafai.