Amri ya `xhost +` haikuwa suluhisho

Somo lile la video la kuchora ramani kwa QGIS kwenye seva isiyo na skrini mmelitazama wengi, kwa hiyo sitalisimulia upya. Faili zilipangwa vizuri, fonti hazikusahauliwa, na kazi ilipewa mtumiaji wake wa pekee badala ya kuendeshwa kwa root. Sifa hizo mwalimu anastahili. Lakini ile `xhost +` aliyoiandika mbele ya watu ilikuwa kosa, na linaloniuma ni kwamba wanafunzi wanainakili hadi leo.

Rudisheni video mahali programu ilipoanguka mara ya kwanza. Qt, maktaba ya madirisha ambayo QGIS hutumia, ililalamika kwamba imeshindwa kuunganisha na seva ya X, kisha ikataja njia za kuchora ilizonazo: `eglfs`, `linuxfb`, `minimal`, `offscreen`, `vnc`, `xcb`. Simamisheni hapo. Jibu limo ndani ya kosa lenyewe. `offscreen` huchora moja kwa moja kwenye kumbukumbu, haihitaji skrini wala seva ya X. Ilitosha kutanguliza `QT_QPA_PLATFORM=offscreen` na ramani ingetoka. Isitoshe, tangu toleo la 3.14 la mwaka 2020 QGIS ina `qgis_process`, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za terminali kama ile.

Orodha ile haikusomwa. Badala yake likawekwa desktopi zima, na vifurushi vyake vyote, kwenye mashine ambayo hakuna binadamu atakayekaa mbele yake. Nimeupigia kelele mtindo huu katika safu hii na sitaacha: seva inayochora picha saa nane za usiku haihitaji menyu, mandhari wala kifunga skrini.

Desktopi likawaka, ikaandikwa `DISPLAY=:0`, programu ikaanguka tena. Safari hii, hata hivyo, ujumbe ulikuwa mwingine: idhini inahitajika. Kwa mchambuzi hapo ndipo penye somo lenyewe. Ujumbe wa kwanza ulisema hakuna seva ya X iliyopatikana. Wa pili ulisema seva ipo, imejibu, ila imekataa kwa kuwa mwombaji hana kuki yake, yaani ile siri ya kumtambulisha. Hizo ni hali mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Kosa likibadilika umeshapiga hatua, na unatakiwa kuuliza nini kimebadilika. Mwalimu aliyachukulia yote mawili kuwa ugonjwa mmoja, akaenda kwenye dirisha la desktopi na kuandika `xhost +`.

Amri hiyo huzima udhibiti wote wa kuingia kwenye seva ya X. Na tazameni jambo ambalo halikutajwa kabisa: `xhost` nayo ni programu ya X. Ili ifanye kazi ni lazima iwe imeshakubaliwa na seva ileile. Maana yake mwalimu alikuwa na kuki halali mkononi wakati anawafungulia watu wote! Angeweza kumruhusu mtumiaji mmoja tu kwa `xhost +si:localuser:ramani`, kama jina la mtumiaji lilikuwa ramani, au kunakili kuki kwa `xauth`. Herufi chache zaidi, na utaratibu wake mzuri wa kutenga mtumiaji ungebaki na maana.

Hasara yake si ya nadharia. Ndani ya X, programu zilizokwisha kuingia hazitengwi: moja inaweza kusoma vibonye vinavyobonyezwa kwenye dirisha la nyingine, kupiga picha ya skrini, hata kutuma vibonye vya uongo. Neno la siri linaloandikwa hapo ni mchele uliomwagwa penye kuku wengi. Tangu toleo la 1.17 la seva ya X.Org, la mwaka 2015, mlango wa mtandao wa TCP hufungwa usipoomba ufunguliwe, na hilo limewaokoa wengi. Ila watumiaji wengine wa mashine hiyohiyo bado wamo ndani.

Waliotutangulia walikuwa makini kuliko sisi. Bob Scheifler na Jim Gettys walipoanza X pale MIT mwaka 1984, walitenganisha programu na skrini tangu msingi, na ndiyo sababu leo seva ya X inaweza kuwa Xvfb, isiyo na skrini yoyote. Tatu Ylönen aliandika SSH mwaka 1995 baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake huko Ufini. SSH ikipitisha X, humpa mwombaji kuki bandia na kubaki na ya kweli. John Hunter, mwanzilishi wa Matplotlib, aliacha uchoraji ujitegemee mbali na dirisha, ndipo Agg, injini yake ya kuchora, ikaweza kutoa faili la PNG bila kuuliza habari za skrini. Hakuna hata mmoja wao aliyetatua tatizo kwa kuondoa ulinzi.

Kuna programu ambazo kweli haziwezi kuishi bila seva ya X. Hizo ziendesheni kwa `xvfb-run -a`, mkitaja ukubwa na kina cha rangi. Wakati huohuo nina kinyongo cha siku nyingi na `xvfb-run`: kwa kawaida yake hutupa makosa ya Xvfb kwenye `/dev/null`, unabaki kuambiwa imeshindwa kuanza bila sababu. Waliochagua hivyo walikosea. Ongezeni `-e` na jina la faili, sababu itaonekana.

Kama ulifuata somo lile, andika `xhost -` leo. Kumbuka kwamba amri hiyo huzuia wanaokuja tu. Programu zilizokwisha kuunganishwa hazikatwi. Kwa hiyo zima kabisa seva ya X, ondoa desktopi, kisha endesha ramani zako kwa `offscreen`.