Shikamoo ya Kiganjani

Bibi mmoja mtaani kwetu alianza kwa masikio kuwa mazito, kisha presha ya macho ikamwondolea nuru. Wageni humpigia kelele sikioni mpaka jasho liwatoke. Mjukuu wake hapigi kelele. Humjia kwa mbele, akamwekea mkono begani na kuutuliza hapo, mpaka bibi aupapase na kuifikia bangili ya shanga. Bangili ile binti haivui kamwe, maana ndiyo jina lake.

Kisha anaandika. Kwa kidole cha shahada anachora herufi kubwa kiganjani mwa bibi, moja juu ya nyingine mahali palepale. Ukizipanga mstari, kiganja hakitoshi. Neno likiisha, anatua. Akikosea, anapangusa kiganja kama mwalimu afutavyo ubao. Shikamoo ina herufi nane na hajawahi kuikatisha hata siku moja. Bibi, ambaye sauti yake angali nayo, hutamka kila herufi inapomfikia, na aghalabu huitikia marahaba kidole kikiwa bado kwenye M.

Ziko njia za haraka zaidi. Hieronymus Lorm, mwandishi aliyepoteza usikivu ujanani na baadaye macho yakafifia, alibuni alfabeti ya kugusa mnamo 1881, na hadi leo inatumika Ujerumani na Austria. Irabu amezipa ncha za vidole: A gumba, E shahada, I cha kati, O cha pete, U cha mwisho. Irabu zetu ndizo hizohizo tano! Ningependa sana kuiona ikifundishwa kwa Kiswahili. Ila mzee aliyekwisha kujua kusoma hahitaji somo jipya ili aelewe herufi za kiganjani.

Kinachonigusa zaidi ni namna binti anavyoaga. Hamwachi bibi akinyoosha mkono hewani. Anaandika NATOKA, anangoja aitikiwe, kisha anauongoza mkono wa bibi hadi kwenye ukingo wa meza, ndipo anaondoka. Bibi anabaki akijua yuko wapi, na kwamba yuko peke yake.

Kama kwenu kuna mzee ambaye macho na masikio yanafifia, mpelekeni hospitali mapema. Na jioni hiihii mwandikieni kiganjani, angali anakiona kidole kinavyokwenda.