Nani Alituita Wataita

Kitabu chenyewe ni chembamba. Kina sura 46, nyingine aya moja tu, na ukikisoma kwa tafsiri ya Kiingereza unakimaliza kati ya Voi na Mombasa, hasa basi likikwama nyuma ya malori pale Maungu. Kinaitwa Germania. Kiliandikwa kwa Kilatini mwaka 98 na Mrumi aliyeitwa Tacitus, na kinahusu watu waliokaa ng'ambo ya mto Rhine: wanakula nini, wanaoana vipi, wanafunga nywele namna gani, kabila lipi linapakana na lipi. Nilikiokota maktaba nikiwa chuoni, muhula wangu wa mwisho, ingawa wakati huo sikujua ni wa mwisho. Nilikisoma kwa sababu mbaya kabisa: kulikuwa na kitu kingine nilichopaswa kusoma.

Nimekirudia mara tatu tangu hapo. Wajerumani hawanihusu sana. Kinachonirudisha ni sura ya pili.

Mle Tacitus anafanya jambo ambalo waandishi wengi wa makabila ya wenzao hawalifanyi. Anakiri kwamba jina lililoko juu ya jalada lake ni la juzi juzi. Anasema Germani lilikuwa jina la kundi moja tu, wale wa kwanza kuvuka Rhine na kuwafurusha Wagalli, ambao wakati wake yeye waliitwa Tungri. Jina la wachache likatambaa hadi likafunika watu wote, na mwishowe wenyewe wakaanza kulitumia. Akishamaliza kukiri, anakunja ukurasa na kuendelea kuwaita Germani mpaka mwisho wa kitabu. Na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuvuka huo mto. Alisoma vitabu vya wengine.

Nilicheka peke yangu mle maktaba, kwa sababu hiyo stori naijua. Ni ya nyumbani.

Kama wewe ni wa Nairobi au Mombasa, wacha nikueleze. Kaunti yetu ni Taita Taveta. Tuwaache Wataveta kwanza, wao wana mambo yao na lugha yao. Sisi wengine tunaitwa Wataita, basi. Lakini panda Wundanyi au Werugha uulize watu wanaongea nini: watakwambia Kidawida, na wao ni Wadawida. Panda Sagalla, ule mlima unaouona ukiwa umesimama steji ya Voi: watakwambia Kisaghalla. Shuka kusini hadi Kasigau, kuna Wakasigau. Wanaisimu wamekipa Kidawida msimbo wake, dav, na Kisaghalla wake, tga, maana hizi si lafudhi mbili za lugha moja. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa wa Sagalla. Ukimwita Mtaita alikuwa haitiki. Akiwa na moyo mzuri siku hiyo alikujibu, "Taita ni ya karatasi."

Sasa nani alituita hivyo? Jibu la haraka, lile linalokuja chai ikiwa bado moto, ni mzungu. Mimi pia nililiamini. Kwa hiyo nilimtafuta huyo mzungu.

Anaitwa Johannes Rebmann, mmisionari. Oktoba 1847 alitoka Rabai na mwavuli wake akatembea hadi Kadiaro, ambayo ndiyo Kasigau. Aprili 1848 alipita Taita akielekea Uchagani, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro, kitu ambacho mabingwa wa jiografia London walikikataa kwa miaka. Habari za safari zake ziko ndani ya kitabu cha mwenzake, Krapf, kilichotoka mwaka 1860. Fungua kitabu hicho na utakuta Teita imeshakaa kitako. Rebmann halibuni. Analipokea kama mtu anayepokea kikombe.

Na aliyemshikisha kikombe? Angalia nani alikuwa anatembea mbele yake. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, Mswahili. Watu wa pwani walikuwa wakipita njia hizi kutafuta pembe za ndovu kabla mmisionari yeyote hajakanyaga Rabai, na walikuwa na majina yao kwa kila mlima. Tamka Dawida kwa ulimi wa mgeni mwenye haraka, d zigeuke t, w imezwe, na utajikuta umesema Taita. Ndivyo wengi wanavyolieleza jina hili, na masikio yangu hayana pingamizi. Maana yake ni kwamba hatukuitwa Wataita na Kiingereza. Tuliitwa na Kiswahili, hiki hiki ninachokuandikia.

Hapo ndipo Tacitus anapoacha kuwa mzee wa mbali. Warumi nao waliwajua watu wa ng'ambo ya Rhine kupitia kwa Wagalli, majirani waliokuwa na sababu zao. Miaka 150 hivi kabla yake, Julius Caesar anafungua kitabu chake cha vita vya Gallia, Ufaransa ya leo, kwa kukiri jambo la aina hiyo hiyo: kuna watu kule ambao kwa lugha yao ni Celtae, ila sisi kwa lugha yetu tunawaita Galli. Anakiri hilo katika sentensi yake ya kwanza, halafu anashinda vita vyote akitumia hilo la kwao. Mshindi huandika, sawa, hilo tunalijua. Lakini anayemnong'oneza mshindi jina la kuandika ni jirani, au kiongozi wa msafara, na huyo huwa hatumsomi vizuri.

Kuna kichekesho kingine. Rebmann alizaliwa Gerlingen, katika Württemberg, upande wa Ujerumani unaoitwa Swabia. Swabia inabeba jina la Suebi, na Tacitus ametumia sehemu ya mwisho ya kitabu akiwaeleza Suebi. Anasema hao si kabila moja. Ni mataifa mengi, kila moja na jina lake, yaliyotupwa chini ya jina moja la jumla. Hebu waza: mtu anayetoka kwenye jina la jumla la miaka elfu moja na mia saba anapanda Kasigau na jina la jumla la watu wengine mfukoni.

Sisemi Germania ni kitabu kizuri kupita kiasi. Nusu ya sifa anazowamwagia wale watu, uaminifu wa ndoa, kutojali dhahabu, ni fimbo ya kuwachapa Warumi wenzake. Haandiki Wajerumani, anaandika Roma akitumia Wajerumani. Na kosa hilo liliendelea kulipwa: karne nyingi baadaye Wajerumani walikiokota na kukifanya kioo chao, hadi mwaka 1943 watu wa Himmler wakaenda Italia kuwinda nakala yake ya kale. Cha ajabu, wao wenyewe hujiita Deutsch. Wazee wetu wa Kiswahili waliwaita Wadachi, jina lililo karibu zaidi na lao kuliko hili la Wajerumani tulilokuja kuwapa baadaye.

Rudi Sagalla. Mwaka 1883 mmisionari aliyeitwa Wray alikaa mlimani pale, na mwaka 1894 akachapisha kitabu kidogo cha sarufi. Jalada linasema ni lugha ya Taita. Lugha ya mlima aliokaa ni Kisaghalla. Hivyo nyanya yangu alinyang'anywa jina la lugha yake mara mbili: kwanza na misafara, kisha na jalada. Simchukii Wray, bila yeye kuna maneno ambayo leo yasingekuwa yameandikwa popote. Namlaumu kwa kichwa cha kitabu tu. (Thomson ndiye simwachii. Alitoka pwani mwaka 1883, akavuka Taita, akapumzika Taveta, akapita nchi za watu wengi, halafu kitabu cha 1885 akakiita Through Masai Land.)

Usidhani kuwa wenye dola hawakuyajua majina madogo. Waliyajua vizuri walipoyahitaji. Mwaka 1915, vita na Wajerumani vikiwa vimefika mlangoni, Waingereza waliwang'oa watu wa Kasigau wakawapeleka Malindi, wakiwatuhumu kumsaidia adui. Siku hiyo hakuna aliyechanganya Mkasigau na Mtaita mwingine yeyote. Caesar pia, mwaka 53 KK, alipotaka kulipiza kisasi kwa askari wake waliouawa, hakusema Galli. Alisema Eburones, akawaalika majirani waje kupora, ili hata jina la kabila hilo lisibaki.

Majina ya miji nayo yana njia zake. Mji wa Parisii Warumi waliuita Lutetia. Lutetia imekufa, kabila limebaki, ndiyo Paris. Mji wa Treveri ni Trier leo. Huko kabila lilimeza mji. Voi ni tofauti: mto uliupa mji jina, na mto wenyewe tunasimuliwa kwamba uliitwa kwa ajili ya Kivoi, Mkamba mfanyabiashara wa watumwa aliyekaa hapa miaka 400 iliyopita. Utaikuta hadithi hiyo kila mahali intaneti. Mimi siinunui. Kivoi anayejulikana vizuri ni yule aliyempokea Krapf huko Ukambani mwaka 1849 na kuuawa mwaka 1851 wakiwa safarini pamoja. Huyo hana miaka 400. Inanukia jina maarufu lililotafutiwa mto.

Nakiri kitu. Nilipotaka kuhakikisha Kisaghalla kinaiitaje Voi, sikuwa na wa kumuuliza nyumbani. Nyanya alishafariki. Mama anakielewa ila hakijibu. Mimi najua salamu, na maneno ya kumfukuza mbuzi. Tulikulia Voi mjini, na mjini ni Kiswahili asubuhi hadi usiku. Ndicho nilichoota nacho meno, ndicho kinachonilipa nikipata kazi ya kuandika. Tacitus angalau aliandika kwa lugha ya kwao juu ya watu wa mbali. Mimi naandika juu ya nyanya yangu kwa lugha ya Bwana Kheri.

Kilatini bado kinatuita, kwa njia. Kuna ua la msitu wa Mbololo ambalo wanasayansi waliliita Saintpaulia teitensis. Saintpaulia ni kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani wa enzi za ukoloni, Saint Paul-Illaire. Siku hizi wamelihamishia kundi la Streptocarpus na ofisa ameondoka, lakini teitensis imebaki, e yake ya Rebmann ikiwemo. Kuna mnyama wa ardhini kama mnyoo aitwaye Boulengerula taitana. Halafu kuna chura. Alipewa jina mwaka 2009, na mmoja wa waliompa ni Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni mdogo, ana ngozi ya vipele, anaishi kwenye vipande vya msitu vilivyobaki juu milimani. Anaitwa Callulina dawida.

Nilimwonyesha rafiki yangu wa Mgange picha yake kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole.

"Huyu," akasema, "wamemuuliza."