Sappho na Shule Aliyojengewa

Sappho wa kisiwa cha Lesbos, aliyetunga kwa lahaja ya kwao katika karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo, aliimba waziwazi mapenzi yake kwa wanawake wenziwe. Wasomi wa baadaye walilitafutia jambo hilo udhuru, na udhuru wenyewe ukawa shule. Mwaka 1816 Mjerumani Friedrich Gottlieb Welcker alichapisha kitabu cha kumtakasa mshairi huyu. Mwaka 1913 Wilamowitz, bingwa wa Kigiriki wa zama zake, akamthibitishia wadhifa wa mwalimu wa mabinti. Kwa hivyo huba ikageuzwa malezi, na machozi ya mshairi yakawa ya mwalimu anayeagana na wanafunzi wanaokwenda kuolewa.

Ushahidi wa shule hiyo ni mwembamba. Kamusi ya Suda, iliyokusanywa katika karne ya 10 baada ya Kristo, inamtajia wanafunzi watatu na rafiki watatu, na haikosi kuongeza kwamba urafiki huo ulimharibia jina. Kipo pia kipande cha sherehe ya kale kisemacho kuwa aliwafunza mabinti wa kwao na wa Ionia. Nacho kiliandikwa karne nyingi baada yake. Katika tungo zenyewe hamna darasa wala bweni. Denys Page alilisema hilo mwaka 1955, na Holt Parker akalishadidia mwaka 1993, akionyesha kuwa wahakiki walimvika mshairi joho la mwalimu wa zama zao wenyewe. (Msomaji wa Pwani aliyewahi kusikia habari za kungwi na unyago huenda akaona mfano ulio karibu zaidi, ingawa huo nao ni mfano tu.)

Lililo zito zaidi ni dhana iliyojificha nyuma ya shule hiyo: kwamba wasichana wakiwekwa peke yao hupendana kwa kukosa wanaume, na mlango ukifunguliwa pendo huyeyuka. Dhana hiyohiyo huzuka kila panapojadiliwa shule za jinsia moja na za mchanganyiko. Tungo za Sappho haziiungi mkono. Wapenzi wake wengi wamo katika mashairi kwa sababu wamekwisha kuondoka. Anactoria anakumbukwa akiwa mbali. Mwingine yuko Lydia, anang'ara miongoni mwa wanawake wa huko, na hamu inavuka bahari. Atthis anatajwa kama pendo la siku nyingi zilizopita. Kama paliwahi kuwa na ukuta, wapenzi hawa wamo nje yake, na shauku haijapoa. Wala wanaume hawakukosekana: yumo kaka, wamo mabwana harusi, yumo yule aliyeketi mbele ya mpendwa huku mshairi akitetemeka. Wilamowitz alilifanya shairi hilo la mwisho kuwa wimbo wa harusi, na kwa kufanya hivyo akautazama wivu na kuuita hongera.

Katika utenzi kwa Aphrodite, ambao ndio pekee uliotufikia ukiwa mzima bila ya shaka, jinsia ya mpendwa imebebwa na mwishilio wa neno moja. Wanakili waliuvuruga, na Theodor Bergk akausahihisha mwaka 1835. Kabla ya hapo, mwaka 1711, Ambrose Philips alikuwa amekwisha kumfanya mpendwa huyo mwanamume katika tafsiri yake ya Kiingereza.

Kiswahili hakihitaji hila ya namna hiyo. Kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakisemi mume wala mke, na washairi wa mapenzi wa Pwani wameistarehea sitara hiyo, wakaongeza juu yake njiwa, ua na lulu. Sappho hakuitaka sitara. Mfasiri atakayemwachia kiambishi peke yake hatakuwa amekosea sarufi, ila atakuwa amefika alikofika Philips, tena bila ya kuonekana. Neno "binti" lina mizani mbili tu, na ubeti wowote unaweza kulipa nafasi.