Kesi ya Orestes: Je, Mama Si Mzazi?

Hadithi za miungu ya Wagiriki wa kale husomwa mara nyingi kama burudani tu. Sisi tunashikilia kwamba hadithi hizo ni itikadi, na itikadi yoyote haina budi kuulizwa inamtumikia nani. Tuchukue mfano wa Oresteia, tamthilia tatu za Aeschylus zilizochezwa Athens mwaka 458 K.K.

Agamemnon alimtoa kafara binti yake Iphigenia ili apate upepo wa kupeleka merikebu zake vitani Troy. Aliporudi, mkewe Clytemnestra alimwua. Ndipo mwana wao Orestes akamwua mama yake kulipiza kisasi cha baba. Erinyes, miungu ya kike ya kisasi cha damu, ikamshitaki. Apollo akamtetea kwa hoja kwamba mama si mzazi, bali ni mtunzaji tu wa mbegu ya baba. Ushahidi wake ulikuwa Athena, aliyezaliwa na Zeus bila mama. Kura zikalingana, Orestes akaachiliwa. Erinyes haikushindwa kwa hoja; ilibembelezwa kwa makao na ibada. Na damu ya Iphigenia haikufunguliwa kesi yoyote.

Mwaka 1861 Bachofen, mwanazuoni wa Uswisi, aliliona shauri hili kuwa kumbukumbu ya haki ya mama kupinduliwa na haki ya baba. Engels, katika dibaji yake ya mwaka 1891, aliisifu tafsiri hiyo, ingawa alimpinga Bachofen kwa kudhani kwamba dini ndiyo inayoendesha historia. Wapo wanaofundisha tafsiri hiyo kama historia iliyothibitishwa. Hilo si sahihi. Utafiti uliofuata haukuthibitisha kwamba Ugiriki ilipata kutawaliwa na wanawake. Tamthilia ni ushahidi wa fikra za jamii iliyoitunga, si hati ya enzi iliyotangulia.

Basi tuitazame jamii hiyo. Athens ilitegemea kazi ya watumwa. Mwanamke hakuwa na kura, na aliishi chini ya usimamizi wa mwanamume maisha yake yote. Hata Clytemnestra jukwaani alichezwa na mwanamume. Lakini mwaka 451 K.K., miaka saba tu baada ya tamthilia hiyo, sheria ya Pericles iliamuru kwamba raia awe mtoto wa baba na mama wote wa Athens. Yule aliyeambiwa si mzazi sasa akahesabiwa kuwa mzazi, kwa sababu walihitaji kuufunga mlango wa uraia!

Ukinzani huu unatufundisha kwamba hoja ya Apollo haikutokana na maumbile ya mwanamke. Ilitokana na maslahi ya waliomiliki mali, nyumba na kura. Kwa hiyo kada anayesoma au kufundisha hadithi za kale asitosheke kulalamika kwamba mwanamke ametukanwa, wala asijitungie enzi ya dhahabu iliyopotea. Aulize: nani anasema, mbele ya nani, na kwa faida ya nani?