Kurasa 17 za X-Men

Jarida la katuni la timu lina taabu ambayo la shujaa mmoja halina: nafasi. Spider-Man akiwa peke yake, ukurasa wote ni wake. X-Men, walivyofufuliwa na Len Wein na mchoraji Dave Cockrum mwaka 1975, walikuwa kundi la watu kutoka mataifa mbalimbali, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadithi ya toleo moja ilikuwa na kurasa 17 tu. Humo kila mmoja apigane, aseme, na msomaji amjali. Chris Claremont, aliyepokea uandishi mwaka huohuo wa 1975, na John Byrne, aliyeanza kuchora toleo la 108 mwaka 1977, waliiweza kazi hiyo kwa namna ambayo bado inanisisimua kila ninapofungua majarida yale.

Siri yao ya kwanza ni kuitawanya timu. Katika toleo la 113, Septemba 1978, X-Men wanapambana na adui wao Magneto katika ngome yake ndani ya volkano huko Antaktika. Ngome inaporomoka. Jean Grey na Beast wanatokea juu barafuni. Wenzao wanapenya chini kwa chini hadi nchi iliyofichika yenye wanyama wa kale. Kila upande unaamini mwingine umekufa, na imani hiyo inadumu mwaka mzima, hadi toleo la 125. Msomaji hakufichwa lolote. Alijua wote wako hai, na ndiyo maana kila mwezi aliumia: anamwona Cyclops, mpenzi wa Jean, akishangaa kwa nini msiba haumchomi jinsi alivyodhani ungemchoma, anataka kumpigia kelele, na hawezi.

Kuna faida nyingine, ya kiufundi hasa. Timu ikiwa safarini Japani na Kanada, Jean akiwa Uskoti, kurasa chache za pembeni zinatosha kuendeleza mkasa wake. Upweke wa Jean ndio mlango anaoingilia Jason Wyngarde, mtu wa mazingaombwe anayempandikizia kumbukumbu za uongo kidogo kidogo, visanduku vichache mwezi huu, vichache mwezi ujao. Kufikia 1980, Jean anapogeuka kuwa Dark Phoenix, nafsi yake ya maangamizi, msomaji amekwisha kuiona njia yote.

Nguvu za mashujaa nazo zilihitaji breki. Storm, binti wa mwanamke wa Kenya na Mmarekani, anaamuru mvua na radi. Mapigano gani yatamshinda? Toleo la 102, la mwaka 1976, enzi ya Cockrum, lilijibu: utotoni mjini Cairo alifukiwa na kifusi kilichowaua wazazi wake, kwa hiyo akibanwa mahali finyu anaganda kwa hofu. Udhaifu huo uliokoa hadithi nyingi, na haukuonekana kama hila kwa sababu ulitoka katika maisha yake.

Kisha kuna kisanduku cha mwisho cha toleo la 132. Timu imetekwa katika jumba la maadui wao, Hellfire Club, New York. Kila mtu ameanguka. Chini ya jengo, ndani ya maji machafu ya mtaro, Wolverine anainuka akiwa ameshika bomba, uso umekunjwa, akiahidi kwamba sasa ni zamu yake. Basi, toleo limekwisha. Byrne, aliyekulia Kanada, alikuwa mtetezi mkubwa wa Mkanada huyu mfupi, na kwa kuwaondoa wenzake wote ulingoni alimpa uwanja mzima katika toleo la 133. Msomaji alikaa mwezi mmoja na uso ule.

Kasoro ipo. Wawili hawa walipanga hadithi pamoja, Byrne akachora, kisha Claremont akaandika maneno juu ya kurasa zilizokwisha kuchorwa. Mara nyingi aliandika kupita kiasi: picha inaonyesha ngumi, maelezo nayo yanasimulia ngumi ileile. Mhariri mkali angefuta theluthi.

Lakini uhariri mkali ndio uliookoa mwisho wa mkasa wa Jean. Dark Phoenix alikuwa ameangamiza sayari yenye watu bilioni tano. Claremont na Byrne walikuwa wamemaliza toleo la 137 kwa Jean kunyang'anywa nguvu zake na kurudi nyumbani akiwa hai. Mhariri mkuu, Jim Shooter, alikataa: adhabu haikulingana na kosa. Kurasa za mwisho zikafanywa upya, na Jean akafa mwezini mbele ya Cyclops. Mwisho ule wa awali ulichapishwa mwaka 1984, kwa hiyo yeyote anaweza kuilinganisha miwili. Ule wa 1980 ndio bora, kwa sababu ndani yake Jean anachagua kifo chake mwenyewe.