Jembe la Desemba na moto wa Februari

Msimu wa moto katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma huanza mahindi yanapovunwa. Kitale, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Novemba. Baada ya hapo upepo mkavu hukausha mabua yaliyobaki shambani, na kufikia Februari kaa moja la jiko likipeperuka linatosha kuwasha konde zima.

Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto. Hata hivyo, gari la zimamoto linalotoka mjini lina safari ndefu ya barabara za udongo, ilhali nyumba ya matope na nyasi huteketea kwa dakika chache. Kazi iliyo kubwa zaidi ni ya mwenye boma, na wakati wake ni Desemba.

Katika maboma mengi jiko hujengwa kando na nyumba ya kulala. Ni mpango mzuri wa tangu zamani, lakini huharibiwa na vitu vidogo: gunia la magunzi lililoegemezwa ukutani, maganda makavu ya maharagwe yaliyorundikwa chini ya upenu, kuni za wiki nzima zilizopangwa hadi zikagusa paa. Paa la mabati nalo hudanganya. Bati haliungui, ila kati yake na ukuta huwa na mwanya, na cheche zikipenya hapo hukuta mbao kavu zilizojaa masizi na utando wa buibui. Moto ukianzia humo juu, waliolala chini huchelewa kuuona. Kuziba mwanya huo kwa udongo na kulima eneo tupu kuzunguka nyumba ni kazi ya siku moja, na hakuna kinga nyingine inayopatikana kwa bei ndogo hivyo.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 umeleta hatari ya namna nyingine. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, hivyo dirisha la juu peke yake halisaidii. Inafaa mlango ufunguliwe, mtungi ufungwe, na swichi ya taa isiguswe, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Mafuta ya taa ya koroboi yakishika moto, yafunikwe kwa mchanga au blanketi lililoloweshwa na kukamuliwa. Yakimwagiwa maji, mafuta huelea juu yake na kusambaa.

Upande wa Bungoma, hasara kubwa iko kwenye miwa. Muwa hukaa shambani takriban mwaka mmoja na nusu, ukidondosha majani makavu ambayo hulala kati ya mistari kama utambi. Kinga moto, yaani ukanda uliolimwa hadi udongo ukaonekana, ndiyo silaha ya kwanza. Kosa la kawaida ni kuupima kwa miali iliyosimama. Upepo ukivuma miali hulala, na ukanda uliodhaniwa mpana huvukwa mara moja. Kosa la pili ni kuulima mara moja na kuusahau: majani mapya yakidondoka juu yake, moto hupata daraja.

Muwa ukiungua haufi papo hapo, lakini saa huanza kuhesabika. Joto hupasua ganda, bakteria huingia kwenye utomvu, sukari hupungua, na utelezi uitwao deksitrani huleta shida katika mitambo ya kiwanda. Uzito nao hushuka kadiri muwa unavyokauka. Ndiyo maana mkulima hukimbilia kukata na kusafirisha ndani ya siku moja au mbili; lori likikawia, hasara inaongezeka. Mashina ya chini huwa hai, kwa sababu macho yake yamo ardhini. Miwa michanga iliyoungua hukatwa usawa na udongo ili machipukizi yatoke pamoja.

Mlima Elgon una kanuni zake. Mteremko huongeza kasi ya moto maradufu kwa takriban kila nyuzi 10 za mwinuko, kwa kuwa miali hukausha mimea iliyo juu yake kabla ya kuifikia. Kwa sababu hiyo hakuna anayepaswa kusimama juu ya moto unaopanda. Askari wa misitu, wale wa wanyamapori na wanavijiji husimama upande uliokwisha kuungua na kupiga ukingo kwa matawi mabichi, wakifuatana. Kisha hubaki kulinda, maana mizizi na mboji huweza kufuka moshi kwa siku kadhaa na kuamka tena. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto katika msitu wa umma bila idhini, na katazo hilo linawahusu pia warina asali.

Baada ya moto, mtu kwanza. Kidonda cha moto hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Samli, yai na dawa ya meno huficha kidonda na kukaribisha uchafu. Kisha karatasi. Hati ya shamba ikiungua, sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inataka tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti mawili yanayosomwa nchi nzima, halafu siku 60 zipite kabla ya hati nyingine kutolewa. Nakala iliyowekwa kwa ndugu wa boma jingine haiondoi safari hiyo, lakini namba ya kiwanja huwa tayari mkononi.

Ardhi ndiyo huachwa nyuma. Mteremko uliobaki mtupu hauna cha kuyazuia maji, na mvua ya Machi hubeba majivu pamoja na udongo wa juu hadi mito ya Kuywa na Koitobos, kisha Nzoia. Mabua yakilazwa kukingama mteremko, na nyasi zikipandwa kwa mistari mapema, sehemu ya udongo huo hubaki shambani.